Mjusi wa Mchangani na Sisi Tuliokimbia

Masomo: Mithali 30:24-28, 1 Wafalme 19:1-8, Mathayo 2:13-21



Katika Mithali 30, Aguri anataja viumbe vinne vidogo vyenye akili nyingi, na wa mwisho ni mjusi. (Tafsiri nyingine zinasema buibui, neno la Kiebrania lililo pale limewasumbua wataalamu tangu zamani.) Mjusi wa Aguri anaonekana hata ndani ya nyumba za wafalme. Sisi hatukai huko. Kwa hiyo leo napenda tumwangalie ndugu yake, mjusi mdogo wa jangwa la Namib, kule Namibia na kusini mwa Angola. Bila mkia mwili wake una urefu wa sentimita 5 hivi. Anakaa kwenye vilima vya mchanga mtupu, na karibu na pwani ile mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 25.

Asubuhi anatoka mchangani, anaota jua, kisha anatafuta chakula: wadudu, na mbegu ambazo upepo umezileta kutoka mbali. Jua likipanda, mchanga unamchoma. Hapo anainua mguu mmoja wa mbele pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, anaipoza, halafu anabadilisha. Ukimwona utafikiri anacheza ngoma, kumbe anaungua. Wako wengi kati yetu wanaocheka kwenye foleni ya mgao namna hiyo.

Mchana mchanga wa jangwa lile waweza kupita nyuzi joto 60. Kuinua miguu hakutoshi tena. Mjusi anatumbukiza kichwa na kuzama, kwa maana pua yake ni bapa kama beleshi. Chini kuna ubaridi. Hufanya vivyo hivyo adui akimjia, ingawa yuko nyoka mmoja, wa jamii ya kifutu, anayejifukia katika mchanga huohuo na kuacha macho tu nje. Hatari haikosi hata mafichoni, jambo ambalo sina haja ya kuwaeleza ninyi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Yuko mama, yuko baba, anayelala kila usiku na swali moja: kwa nini nilikimbia, wengine wakabaki wakafa? Na wako watu, hata wahubiri, wanaosema kwamba mwenye imani asingekimbia. Neno hilo limewaumiza wengi, nami nalikataa kwa Biblia mkononi. Yusufu aliambiwa na malaika, usiku, amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri. Je, Yusufu alikosa imani? Daudi alijificha pangoni Adulamu. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Aliyempa mjusi ile pua ndiye aliyeiumba miguu yako iliyokimbia. Usimwombe msamaha kwa kuwa hai.

Lakini mjusi harefushi kukaa chini. Jioni, mchanga ukipoa, anatoka tena kula. Na kuna asubuhi ambazo ukungu unatoka baharini, kwenye maji baridi ya Atlantiki, unafunika vilima na kuacha matone. Hapo mjusi anakunywa, anakunywa sana, anaweka akiba tumboni kwa siku nyingi za ukavu. Ukungu hauji kila siku. Aliye chini ya mchanga asubuhi ile hanywi.

Nasema haya kwa sababu baadhi yetu tumebaki chini. Tulifika, tukaingia ndani, na miaka imepita. Baba hatoki. Mama hazungumzi. Mtoto haandikishwi shule, eti mwezi ujao tutaitwa kwenda Marekani au Kanada. Siwagombezi. Eliya naye alikimbia, akalala chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtumia mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo akamwonyesha safari. Angalieni utaratibu huo: chakula, usingizi, chakula, ndipo njia. Sisi wachungaji mara nyingi tunaanzia mwisho, na tunashangaa mtu haamki.

Kwa hiyo kuanzia juma hili wazee wa kanisa na mama wa maombi watapita nyumba kwa nyumba, mbili mbili, asubuhi kabla jua halijawa kali. Hawatakuja kuhubiri. Watabeba uji, watakaa na mwenye nyumba, na kama hataki kuzungumza watanyamaza pamoja naye. Kama anataka mtoto apelekwe kuandikishwa shule, watampeleka. Ikiwa una jirani ambaye hajaonekana nje siku nyingi, wa kanisa letu au la, mwambie mzee wa mtaa wako ni nyumba ipi.