Anayetamani Kufa Ajibiwe Nini?

Sisi waalimu wa dini twaulizwa mara kwa mara swali zito: mtu aliyechoka kuishi, je, hana ruhusa ya kuuacha uhai wake? Huku kwetu Manguredjipa swali hili si la mbali. Tangu mwaka 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yamefika katika Bapere. Watu wamekimbia mashamba yao, wengine wamepoteza watoto na wazazi. Wako waliobaki na uchungu usiosemeka. Basi na tuyatazame majibu matatu ambayo wanadamu wamekwisha kuyatoa.

Jibu la kwanza ni adhabu. Zamani, kwa Waganda, mti aliojinyongea mtu ulikatwa na kuteketezwa kwa moto. Sheria za Waingereza nazo zilimtia hatiani aliyejaribu kujiua akapona. Katika Kenya aliweza kufungwa hata miaka 2. Kanisa pia, katika Sheria yake ya mwaka 1917, liliwanyima maziko ya Kikristu waliojiua kwa kusudi. Nia ilikuwa njema, yaani kuulinda uhai, ambao ni amana ya Mungu. Lakini hofu ya adhabu humfunga mtu kinywa. Aliye gizani hathubutu kusema, na asiyesema hasaidiwi.

Kwa hiyo mengi yamebadilishwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haiwataji tena katika wanaonyimwa maziko. Katekisimu ya mwaka 1992 yashika kwamba kujiua ni kosa kubwa, lakini yafundisha pia kwamba ugonjwa mzito wa roho, au hofu kuu, waweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Jibu la pili ni kumpa anachotaka. Katika Ubelgiji, sheria ya mwaka 2002 yamruhusu daktari kumwua mgonjwa aombaye mwenyewe, kama mateso yake hayavumiliki wala hayaponyeki, hata yakiwa mateso ya akili. Hoja yao tusiidharau. Wasema ni huruma, na kwamba mtu ni bwana wa nafsi yake. Mwaka 2017 wakuu wa hospitali za akili za shirika la Frères de la Charité katika Ubelgiji walilikubali jambo hilo. Mwaka 2020 Roma ilitangaza kwamba hospitali hizo haziwezi tena kuitwa za Kikatoliki. Nasi twalijua shirika hilo, maana ndilo lihudumialo wagonjwa wa akili katika kituo cha Tulizo Letu, mjini Goma.

Je, kosa la jibu hilo ni nini? Ugonjwa wa huzuni hugusa akili ileile inayochagua. Humwambia mtu kwamba hana thamani, kwamba ni mzigo kwa jamaa, kwamba kesho haipo. Je, neno hilo ni lake, au ni la ugonjwa? Wengi waliookolewa saa ile hawakurudia tena. Aliyekufa hana nafasi ya kubadili shauri. Wazee husema: mgonjwa haulizwi uji.

Jibu la tatu twaliona kwa nabii Eliya. Alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtwae. Mungu hakumkemea, wala hakumpa alichoomba. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji kwa malaika, si mara moja bali mara mbili. Kisha akampa tena kazi ya kufanya. Eliya alipona polepole.

Ndivyo itupasavyo. Ukimwona ndugu amejitenga, hali, agawa vitu vyake, au asema afadhali kufa, usimwache peke yake. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango. Ondoa karibu naye kamba na dawa za wadudu. Mfikishe kwa mganga wa hospitali, kwa maana huzuni hiyo ina matibabu, na Padri naye aitwe. Shirika la Afya la Dunia lahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka. Basi asifikiri yeyote kwamba ni laana ya nyumba moja.

Na kama kifo kimekwisha kutokea, twendeni kilioni. Tusiulize amekwenda wapi. Mungu peke yake ajua saa yake ya mwisho. Tumchimbie kaburi pamoja na wengine, tumwombee, na mjane wake asikose kuni wala maji kwa sababu ya aibu yetu.