Aliyejihesabu Amepotea

Vijana wetu wa kipaimara walipoanza kupokezana kitabu kiitwacho New Moon, baadhi yetu tulitaka kipigwe marufuku. Ni riwaya ya mapenzi kati ya msichana na kijana mnyonya damu, na sisi tuliokuzwa kwa hofu ya mumiani hatukuona kina kazi gani nyumbani mwa Mkristo. Tukakubaliana tukisome kwanza. Tulikisoma, wengine kwa aibu kidogo, tukakuta humo swali tusilolitarajia.

Kitabu hicho cha Stephenie Meyer wa Marekani kilitoka mwaka 2006, cha pili katika mfululizo wa riwaya nne ulioanza na Twilight mwaka 2005. Bella anatimiza miaka 18 na anataka mpenzi wake Edward amgeuze awe kama yeye, kifo kisiwatenganishe. Edward anakataa. Anaamini kwamba Mungu yupo, mbingu ipo na jehanamu ipo, ila wanyonya damu kama yeye wamekwisha kupoteza roho. Hataki Bella naye aipoteze. Bella yuko tayari kuitoa.

Je, mtu aweza kuitoa roho yake kwa ajili ya ampendaye? Tulibishana sana. Mmoja wetu alitukumbusha Musa, aliyeomba afutwe katika kitabu cha Mungu kama watu wake hawatasamehewa, na Paulo, aliyetamani kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Lakini hao walitaka wengine waokolewe hata kama wao wangebaki nje. Bella anataka asiachane na Edward. Hatumlaumu mno, maana ni binti mdogo. Ila hatuwezi kuiita hiyo sadaka.

Aliyetushika zaidi ni Carlisle, baba mlezi wa Edward. Alikuwa mwana wa mchungaji Mwanglikana wa London katika karne ya 17, mchungaji aliyewasaka wachawi na wanyonya damu akachoma wengi wasio na hatia. Mwana alirithi msako huo, na humo ndimo alimoumwa. Akakataa kunywa damu ya watu, akaishi kwa damu ya wanyama, akawa daktari. Msalaba wa mbao wa baba yake bado umetundikwa ukutani kwake. Usiku wa sherehe ya Bella, binti anapojeruhiwa na wengine kulazimika kuikimbia damu, ni Carlisle anayebaki kumshona mkono. Anamwambia anatumaini kwamba hata maisha ya watu kama wao yana maana mbele za Mungu. Hana hakika. Anatumaini tu, na kesho yake anarudi kwa wagonjwa.

Sisi hatufundishi kwamba matendo hununua neema, wala Carlisle hadai hivyo. Tofauti yake na Edward ni kwamba Edward amekwisha kujihukumu. Hukumu ya namna hiyo hufanana sana na unyenyekevu, na hapo ndipo sisi wazee hukosea, kwa maana anayejitangazia kwamba hasameheki ameketi katika kiti kisicho chake. Baadaye, huko Volterra nchini Italia, Edward anapomwona Bella hudhani wote wawili wamekwisha kufa, na papo hapo anakiri kwamba Carlisle alisema kweli.

Tulipofika hapo tulinyamaza, maana sote tulimkumbuka mtu mmoja. Yuko mzee usharikani kwetu ambaye kila Jumapili ya Meza ya Bwana hutoka nje kabla ya mkate kubarikiwa. Miaka mingi iliyopita alituambia kwamba alilotenda halina msamaha. Tulimwona mtu mnyenyekevu, tukamwacha na unyenyekevu wake.

Jioni moja wawili wetu tulikwenda kwake. Kitabu hatukukitaja, angetushangaa. Tulimwomba radhi kwa kukaa kimya muda wote huo, tukamwambia kwamba nafasi yake mezani ipo. Alituandalia chai, akatusikiliza hadi mwisho, akasema atafikiri. Bado huketi benchi la karibu na mlango, lakini mara ya mwisho alichelewa kutoka.