Mkakasi Usiofunguliwa

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghalabu methali hii hutolewa kumkanya kijana anayetaka kuoa kwa macho, na kanyo lenyewe ni la haki. Walakini methali humlaumu mkakasi, humlaumu na aliyeupenda, isiulize kama mtu huyo alipewa muda wa kuufungua. Swali hilo lina uzito wake kila inaposemwa kwamba wanaume wanaopenda wanaume wenzao hawapendi watu, hupenda miili. Kwamba mapenzi yao huanzia kwenye sura yakaishia hapo hapo.

Wasemao hivyo hawakosi cha kushika. Mwaka 2007 Richard Lippa, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi ulioendeshwa na BBC kwa njia ya intaneti, uliojibiwa na watu zaidi ya 200,000 wa nchi nyingi. Waliulizwa wanatanguliza nini kwa mwenza: wema, akili, ucheshi, sura, na mengineyo. Wanaume wanaopenda wanaume waliupa uzuri wa sura nafasi ya juu kuliko walivyoupa wanawake. Lakini hivyo hivyo walifanya wanaume wanaopenda wanawake. Mwaka 1994 J. Michael Bailey na wenzake walikuwa wamekwisha kuona jambo lililo jirani na hilo: katika kuvutwa na kinachoonekana kwa macho, makundi hayo mawili ya wanaume hayaachani sana. Basi kama kupenda sura ni aibu, ni aibu ya wanaume wote, na anayemcheka mwenzake na akumbuke alimtazama nini mkewe siku ya kwanza.

Wala pwani haikuwahi kuuonea haya uzuri. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, hakusahau manukato na mapambo. Aliyaweka pamoja na adabu na dini, bila kuona mgongano. Lugha yenyewe ina ukarimu wake: Kiswahili kina "yeye" mmoja tu, na shairi la mapenzi laweza kusomwa mwanzo hadi mwisho bila msomaji kujua kama anayesifiwa ni mwanamume au mwanamke. Abu Nuwas wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, alisifu mvinyo na uzuri wa kiume bila kificho. Pwani ikampokea kwa jina la Abunuwasi, ikambakisha na hila zake na kuyaacha mashairi yake ng'ambo. Chujio hilo lilijua linachuja nini.

Watafiti waliokuja kutazama mambo haya katika ulimwengu wa Waswahili na jirani zao walikuta kwamba sura haisimami peke yake. Unni Wikan, aliyechapisha mwaka 1977 utafiti wake wa mji wa Sohar, Oman, alieleza jinsi hanithi wa huko alivyojulikana kwa mavazi: kanzu ya rangi, si nyeupe kama ya wanaume, wala si ya maua kama nguo za wanawake, na manukato, na mwendo. Gill Shepherd, akiandika juu ya Mombasa mwaka 1987, alishikilia kwamba cheo na mali viliamua mengi: mara nyingi mwenye nacho alikutana na asiye nacho, na kila mmoja alitazama kwa mwenzake alichokikosa. Kilichoitwa mvuto kilikuwa pia hifadhi, chakula, na mlango wa kuingilia. Neno "shoga" lenyewe, kabla ya kutupiwa wanaume, lilikuwa na bado ni jina la mwanamke aliye rafiki wa mwanamke. Yaani ndani yake limo jambo la kuketi pamoja na kujuana.

Kuketi pamoja huko ndiko kunakokosekana. Achukuliwe kijana fundi pikipiki wa Mpanda, mji mkuu wa Katavi, inakoishia reli ya tawi inayotoka Kaliua. Akimpenda msichana wa mtaa wa pili, yako mambo yatakayompa muda: mshenga atatumwa, wazee watauliza ukoo, mahari yatajadiliwa, na katika kwenda na kurudi huko tabia itajitokeza. Hata Wapimbwe wa kusini mwa mkoa huo, ambao ndoa zao Monique Borgerhoff Mulder alizifuatilia kwa miaka mingi, wakiachana huachana mbele ya watu na kuoana tena mbele ya watu. Akimpenda mwanamume, hana mshenga. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinamwekea kifungo kisichopungua miaka 30, hata cha maisha. Atakuwa na dakika chache, na katika dakika chache kisichohitaji muda kusomwa ni sura. Jamii inamnyima mwaka wa kumjua mtu, kisha inamshutumu kwa kuridhika na alichokiona mara moja.

Itajibiwa kwamba wengi wa waliojibu uchunguzi wa BBC walikuwa katika nchi zenye uhuru, na bado walitanguliza sura. Ni kweli, na jibu hilo lisipuuzwe: siri haikuzaa tamaa ya macho. Ila kupenda kwa macho ni mwanzo wa watu wote. Kuzuiwa kuvuka mwanzo huo ni fungu la baadhi yao. Na jicho linalomtafuta mpenzi si peke yake barabarani. Lile linalotafuta wa kumshitaki linasoma alama zile zile: kanzu iliyobana, sauti laini, mkono unaopunga kwa namna fulani. La kwanza laweza kukosea likaambulia fedheha. La pili likikosea, mtu asiyehusika na lolote hupigwa.

Magharibi mwa Tanzania haihitaji kufundishwa hatari ya kusoma miili. Huko vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni, wakaitwa wachawi. Na katika Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyomo leo ndani ya Katavi, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alisikiliza katikati ya miaka ya 1980 masimulizi ya Wahutu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walimweleza kwa kirefu jinsi Mhutu na Mtutsi wanavyotambulikana kwa mwili, kwa pua, kwa kimo, na jinsi tofauti hizo zilivyokuwa hukumu ya kifo. Kambini, mbali na hao waliowakimbia, orodha ya alama ilikuwa imehifadhiwa kama msahafu. Malkki alikwenda pia mjini Kigoma, kwa wakimbizi wa mauaji yale yale waliokuwa wakipanga vyumba, wakifanya biashara na kuoana na wenyeji. Hao walikuwa na maneno machache sana juu ya pua ya mtu yeyote.