Umejuaje, Fundi?

Fundi anayekwambia, "Bado sijajua tatizo, ngoja kwanza nipime," huyo ndiye wa kumkabidhi ufunguo wa gari lako. Anayekutajia spea ya kununua kabla hata hajafungua boneti, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha utafute mwingine. Najua maneno haya ni mazito kwa watu wanaokesha wakihangaika na magari yetu, lakini nayasema kwa moyo mweupe, kwa kuwa naiheshimu kazi yao.

Uchukue ubovu mmoja tu, ule unaowapata wenye magari asubuhi wakiwa tayari wamechelewa kazini. Unawasha, stata inazungusha injini vizuri kabisa, lakini gari haliwaki.

Ubovu huu unaanza kujieleza wenyewe, ukiusikiliza. Kazi ya stata ni kuizungusha injini mpaka iweze kujiendesha yenyewe, basi. Kabla ya stata ya umeme aliyoibuni Mmarekani Charles Kettering kuanza kufungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kazi hiyo ilifanywa na mkono wa dereva, akizungusha hendeli mbele ya gari. Kwa hiyo injini inapozunguka kwa kasi yake ya kawaida, betri na stata vimeshatoa ushahidi wao. Pamoja na hayo, ushauri wa kwanza utakaoupata barabarani ni kubusti betri.

Baada ya hapo, injini ya petroli haina uchawi. Inataka mafuta yachanganyike na hewa kwa kiasi chake, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Inataka cheche kwenye plagi. Inataka mgandamizo ndani ya silinda. Na inataka vyote hivyo vije kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Vikiwapo vyote, haina sababu ya kukataa.

Nilimwona fundi mmoja kijana akiufuata mpangilio huu kwenye gereji ya Tabata, asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku. Gari lilikuwa la mwalimu mmoja, mama wa makamo, na lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka nyumbani kwake. Waliokuwepo walishatoa hukumu: pampu ya mafuta imekufa, mama atafute pesa. Kijana akawaacha waseme, akaanza na maswali.

"Shikamoo mama. Jana jioni liliwaka vizuri?"

"Marahaba, mwanangu. Liliwaka, na likanifikisha nyumbani bila shida yoyote."

"Mafuta yamo?"

"Yamo, niliweka jana hiyo hiyo."

"Na halijaanza karibuni kuzimika njiani, au kukosa nguvu mlimani?"

"Hapana, baba."

Ndipo akamwomba apige stata mara moja, yeye akiwa amesimama kimya kando ya injini. Alikuwa anasikiliza mdundo. Mkanda wa taimingi ukikatika, injini huzunguka upesi na kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sababu silinda hazibani tena hewa. Hii ilibana. Akachomoa plagi moja, akaichomeka kwenye koili yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaomba stata ipigwe tena. Cheche ikaonekana, ya bluu, yenye nguvu. Akaigeuza ile plagi mkononi, akainusa, akaipangusa kwa kidole. Ilikuwa kavu. Injini iliyozungushwa muda wote ule ilipaswa kuwa na plagi zinazonuka petroli.

Sasa alikuwa na jambo la hakika: cheche ipo, mafuta hayafiki. Wale waliotoa hukumu wakasema, si tulikwambia, pampu hiyo. Kijana akainua kiti cha nyuma, akachomoa soketi ya waya za pampu, akaweka taa ya kupimia umeme, akaomba stata ipigwe. Taa haikuwaka. Pampu haikuwa inapelekewa umeme, na pampu isiyopelekewa umeme huwezi kuihukumu kwamba imekufa. Akaufuata umeme kurudi nyuma hadi kwenye boksi la fyuzi, akachomoa rilei, ile swichi inayoipelekea pampu umeme. Mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani mpaka ukabaki kama uzi, maji ya mvua yalikuwa yakipenya pale. Ikaletwa rilei nyingine, mahali pakasafishwa, gari likawaka. Pampu iliyokuwa imeshahukumiwa ikaendelea na kazi yake.

Kilichonigusa ni jinsi alivyokataa kusonga mbele bila kujua. Kila kipimo kilijibu swali moja na kufunga mlango mmoja. Hakumgharimu yule mama hata shilingi moja kwa ajili ya dhana. Na alipoulizwa katikati ya kazi kama ameshaona tatizo, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado." Jibu hilo linahitaji ujasiri, hasa mbele ya watu wanaodhani ujuzi ni wepesi wa kutaja jibu.

Wapo wanaosema siku hizi mashine ya kusoma kompyuta ya gari imemaliza kazi. Mashine inasaidia sana, lakini nayo inasomwa kwa akili. Ikionyesha P0335, inasema kuna hitilafu kwenye njia ya umeme ya sensa ya krankishafti, ile inayoiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake. Inaweza kuwa sensa yenyewe, inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya, inaweza kuwa soketi iliyolegea. Mashine haijasema uende kwenye maduka ya spea ya Gerezani ukanunue sensa. Anayesema hivyo ni mtu, na mtu huyo ana wajibu wa kupima kwanza.

Tumewahi kulipa gharama kubwa kuliko hii kwa tabia hiyo hiyo ya kuhukumu kabla ya kupima. Kwa miaka mingi huku kwetu, homa ilikuwa ni malaria. Mtoto akichemka, anapewa dawa ya malaria, wakati pengine ana nimonia inayohitaji dawa nyingine kabisa na kila saa ina thamani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na leo kipimo cha tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa muda mfupi hata kwenye zahanati ya kijijini. Kupima kumefanywa kuwa haki ya mgonjwa. Naamini kuwa haki hiyo ina mizizi mipana kuliko hospitali: hakuna anayestahili kulipishwa, kulaumiwa au kutibiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha.

Ubaya wa kubahatisha hauishii kwenye hasara. Ukibadilisha plagi, koili, pampu na sensa kwa pamoja, gari likawaka, hujui kilichoponya ni kipi. Umepoteza pesa, na fundi amepoteza somo. Kesho likija gari jingine lenye shida hiyo, ataanza tena pale pale alipoanzia jana. Fundi anayepima huongezeka ujuzi kwa kila gari linalopita mikononi mwake.

Lakini lawama hii si ya mafundi peke yao, na hapa nawageukia wenye magari. Tumezoea kulipia kitu tunachokishika mkononi. Tukioneshwa pampu mpya kwenye boksi lake, tunatoa pesa. Fundi akitumia saa nzima kufikiri na kupima, kisha akabadilisha rilei ndogo, tunamuuliza, "Kwa hicho tu?" Tunambana ujira wake kwa sababu ametuokolea pesa. Tukiendelea hivyo, tutakuwa tumemfundisha kwamba uaminifu haulipi, na kwamba njia ya kula ni kuuza spea.

Ujira wa kupima uwe na nafasi yake kwenye mapatano, tangu mwanzo, hata kama mwishoni patapatikana waya uliolegea tu. Mwambie fundi wazi: nitakulipa kwa kulitafuta tatizo, nitakulipa tena kwa kulitengeneza. Omba spea ya zamani uione na uondoke nayo. Na kila anapokwambia kitu fulani kimekufa, muulize kwa heshima, "Umejuaje, fundi?" Mwenye ujuzi atafurahi kukuonesha. Swali hilo hilo tuwe tayari kuulizwa na sisi, kazini kwetu na majumbani mwetu, kila tunapotamka kwamba mtoto huyu ni mvivu, jirani yule ni mwizi, au mfanyakazi huyu hafai. Kama hatuna jibu, basi hatujapima bado, na hukumu isubiri.