Usingoje Mwaka wa Mwisho

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, utafiti ni wako pia. Kule kwenye vimbweta utaambiwa upiganie GPA, ukwepe sapu, mengine yatakuja na tasnifu. Wanaokushauri hivyo wana nia njema, lakini wamewachelewesha vijana wengi wenye vichwa vikali.

Mtazame Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji akaingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa baridi ya mwenzake. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganya mambo. Swali akalibeba hadi Mkwawa, Iringa, na siku Dk. Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo mmoja, friji moja, mbona ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakamcheka.

Osborne hakuamini, ila aliahidi kupima. Aliporudi Dar alimkabidhi kazi hiyo fundi wa maabara. Maji ya moto yakatangulia kweli, na fundi akasema ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Majaribio yaliyofuata yakaunga mkono lile la kwanza. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilitoka katika jarida la Physics Education, majina yote mawili juu yake, Mpemba akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka. Wanafizikia wanalibishania jambo hilo hadi leo.

Msimamizi wa kweli ndivyo alivyo: analichukua swali lako kwa uzito, kisha anakuonyesha namna ya kulipima. Lakini Mpemba alisimama kwanza. Tafuta makala moja ya mhadhiri wako, isome mpaka ufike pale usipoelewa, halafu mwandikie barua pepe ya mistari michache: nimesoma hiki, nimekwama hapa, Jumatano mchana nina nafasi, naomba kusaidia. Asipojibu, mwandikie mwingine.

Utaanzia kazi ndogo: kubandika lebo kwenye sampuli, kuingiza majibu ya hojaji kwenye kompyuta, kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Ifanye kwa umakini wote. Kila kipimo kiandike kwenye daftari siku hiyohiyo, hasa kile kinachokukera kwa kuwa hakifanani na vingine. Usikifute, mpelekee msimamizi, muulize. Nusu saa ya mazungumzo hayo ina faida ambayo slaidi za darasani haziwezi kukupa.

Nanyi wahadhiri, akibisha hodi kijana mwenye swali la ajabu, msimwambie asubiri mwaka wa tatu. Mpeni kipimajoto apime.

Mwanafunzi, barua pepe hiyo iandike leo.