Kikomo cha Nani?

Katika nyumba nyingi za Same, anayeamua mtoto atazame katuni hadi saa ngapi si mama wala baba. Ni bando. Likiisha, katuni nazo zimeisha na hakuna wa kulaumiwa. Bando likiwepo, chaji inaweza kwisha. Chaji ikiwepo, LUKU inaweza kwisha. Ukipanda milimani kuelekea Mbaga au Chome, kuna mahali mtandao wenyewe unachagua ukae upande gani wa kilima. Mtoto analia kidogo, kisha anatoka nje kucheza. Mzazi hajalazimika kusema hapana.

Swali la maadili linaanza pale vitu hivyo visipoisha. Nyumba ina king'amuzi, ina simu janja mbili, ina bando la mwezi mzima. Sasa mzazi anao uwezo wa kutoa, na anachagua kunyima. Anamnyima kwa haki gani, na kwa kipimo kipi?

Kuna jibu la wataalamu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Sina ugomvi na ushauri huo. Lakini unanipa kiasi tu. Hauniambii namna ya kumtazama usoni mtoto wa miaka minane wakati ninamnyang'anya kitu ambacho mimi mwenyewe nimekishika mkononi tangu asubuhi.

Kuna jibu la wazee pia: sisi tulikua bila televisheni, na tuna nini tulichopungukiwa? Jibu hili linahitaji kuangaliwa vizuri. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake cha televisheni hadi 1994. Serikali iliiona kuwa ni anasa ambayo nchi maskini ingeweza kuishi bila hiyo, ikategemea redio. Kwa hiyo aliyekuwa mtoto Same mwaka 1980 hakuwekewa kikomo na wazazi wake. Alizaliwa katika nchi ambayo kikomo kilikuwa karibu na sifuri kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Alichokuwa nacho jioni ni watu wazima ambao nao hawakuwa na pa kutazama zaidi ya moto, redio na wao kwa wao. Tukisifu malezi ya zamani tunasahau nusu hiyo ya pili.

Leo serikali nyingine zimerudi kwenye kazi hiyo ya uzazi. Mwaka 2021 China iliamuru walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni saa moja tu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Desemba 2025 Australia ilianza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Angalia lakini: sheria zote mbili zinamhusu mtoto peke yake. Mtu mzima yuko nje ya uzio, ameshika ufunguo.

Mtoto wa dada yangu aliuona uzio huo haraka kuliko mimi. Alipoambiwa muda wake umekwisha, alirudisha simu bila kelele, akauliza: "Mama, na yako inaisha saa ngapi?" Dada akacheka, akamjibu kwamba yeye ni mkubwa. Mtoto akanigeukia. "Mamdogo, wakubwa haziwaharibu macho?"

Tuliambiana kwamba watoto wa siku hizi wana maneno. Lakini swali lile lilikuwa na uzito kuliko ujeuri. Hakukataa kikomo. Aliuliza kama sababu aliyopewa ni ya kweli. Kama skrini inaharibu macho, inaharibu macho ya nani? Kama inapoteza muda, ni muda wa nani?

Watu wa milima hii wanapaswa kulielewa swali la namna hiyo. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kupinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo mwanahistoria Isaria Kimambo ameiandikia kitabu. Hawakukataa kulipa kodi. Ile ya kawaida walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, kwa makadirio waliyoyaona hayana haki. Baadaye wanawake nao wakaingia katika mgogoro, na hatimaye kodi hiyo ikafutwa. Somo ninalolichukua ni hili: mtu anaweza kukubali mzigo na bado akakataa kipimo. Mtoto anayesema "sawa, lakini kwa nini?" hajaasi. Anadai kipimo anachoweza kukiona.

Kipimo hicho tunacho, na tumekuwa nacho kwa vizazi vingi: ndiva. Kwa asiyezijua, ndiva ni bwawa dogo la asili ya Wapare, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji ya kijito yanakusanywa usiku kucha, mchana yanafunguliwa na kwenda mashambani kwa mifereji. Kila mtu ana zamu. Asiyefika kwenye msaragambo wa kusafisha mifereji anapigwa faini au anakosa maji. Zamu yako ikiisha unaziba mfereji wako, hata kama mahindi yako bado yana kiu, kwa sababu chini yako kuna shamba la mwingine.

Hakuna anayemwambia jirani yake kwamba maji ni mabaya. Kikomo cha ndiva hakitokani na ubaya wa kitu, kinatokana na kuwepo kwa wengine. Hapo ndipo naona sisi wazazi na walezi tunapokosea hoja. Tunawaambia watoto kwamba simu ni mbaya, halafu wanatuona tumezama ndani yake. Tungewaambia ukweli mwingine: ndani ya nyumba kuna kitu kidogo ambacho sote tunakinywa, nacho ni usikivu wetu sisi kwa sisi. Video haziishi. Kinachoisha ni jioni: zile saa mbili tatu kati ya mama kufunga duka na mtoto kulala. Bwawa letu ni hilo. Katika bwawa hilo mtoto ana zamu yake kwa mama, na mama ana zamu yake kwa mtoto. Anayekaa na simu jioni nzima anachota maji ya mwingine, awe na miaka minane au arobaini.

Kwa hiyo haki ya kikomo haitokani na idadi ya saa. Kikomo ni cha haki pale anayekiweka anapokaa chini yake. Upare ya Kusini inao mfano mwingine wa jambo hili. Wasabato walifungua misheni yao Giti mwaka 1903, na hadi leo familia nyingi za huku zinaishika Sabato kuanzia jua la Ijumaa linapozama hadi linapozama la Jumamosi. Katika nyumba inayoishika kwa dhati, televisheni inazimwa, na inazimwa kwa baba pia. Mtoto anaweza kuchoka na siku hiyo, lakini hawezi kusema ameonewa. Si lazima uwe Msabato kuona nguvu ya kanuni isiyo na mtu wa nje.

Najua watakaonipinga, na wana hoja. Mama mwenye genge karibu na stendi anaagiza nyanya kwa simu, analipwa kwa simu, kikundi chake cha kuweka akiba kinaitana kwa simu. Akiizima jioni, kesho hana mzigo. Namjibu kwamba zamu hazilingani kwa urefu hata kwenye ndiva. Usawa ninaoutaka ni wa kuwajibika, si wa dakika. "Nampigia mwenye nyanya, nikimaliza naiweka" ni sentensi fupi, lakini inamtoa mama nje ya ufalme na kumweka kwenye mfereji pamoja na mwanawe.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na sina jibu lake zuri. Kuna mtoto ambaye simu ndiyo inayomlea, kwa sababu mama yuko stendi hadi usiku na bibi aliyebaki wa kusimulia hadithi yuko juu milimani, nauli ya kwenda na kurudi. Kumwambia mama huyo apunguze saa za katuni ni kumwambia aongeze saa za mtoto kukaa peke yake. Anachopungukiwa si nidhamu, ni watu. Kikomo chema kinahitaji kuwe na mtu upande wa pili skrini inapozimwa, na watu hao wakiwa hawapo, tusiwahukumu waliobaki kana kwamba wamechagua.

Lakini wengi wetu tunaosoma maandishi kama haya kwenye simu zetu tupo. Tumekaa sebule moja na watoto wetu, wadogo zetu au watoto wa dada zetu. Kwetu sisi swali si mtoto apewe dakika ngapi. Ni kama tuko tayari kuziba mfereji wetu zamu yetu inapoisha, mbele ya macho yake, na kumwacha atuhesabie.