Ni Nani Analipa Stima?

Somo: Luka 14:28–30, Mithali 13:11



Majuzi baada ya ushirika wa nyumbani, kijana wetu mmoja aliniita kando. "Pasta, nataka kuunda kompyuta ya kuchimba sarafu za kidijitali. Je, ni dhambi?" Akanionyesha daftari. Ameandika bei ya kompyuta ya mitumba, kadi ya picha, feni, na bando za intaneti. Hesabu safi kabisa. Nikatafuta mstari wa stima, sikuuona.

"Stima iko ndani ya rent, Pasta. Mwenye ploti ndiye hulipa."

Hapo nikaona swali lenyewe lilikojificha.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Bitcoin ilianza mwaka 2009. Mashine kote duniani hushindana kukisia namba, na takriban kila dakika 10 moja hushinda. Tangu Aprili 2024 mshindi hupata bitcoin 3.125 pamoja na ada. Wadogo hujiunga pamoja kama chama, wakagawana kulingana na kazi ya kila mmoja. Si uchawi, na si wizi. Lakini kila kukisia kunakula stima. Mashine maalum kama Antminer S19 huvuta karibu wati 3,250, yaani yuniti 78 kwa siku. Tuseme yuniti ni shilingi 25: hiyo ni shilingi 1,950 kila siku ya Mungu.

Kijana wetu alipanga kitu kidogo tu cha wati 300, cha kuchimba sarafu nyingine ndogo. Tukapiga hesabu pamoja: yuniti 216 kwa mwezi, shilingi 5,400. Mapato aliyotarajia hayakufika hata nusu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini si mimi nitalipa."

Wapendwa, Yesu aliuliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama. Mara nyingi tunahubiri kwamba yule mjenzi aliishiwa na pesa. Leo nauliza jambo lingine: je, kama mnara ungekamilika kwa pesa za jirani, bila yeye kujua? Watu wasingemcheka mjenzi. Wangemsifu. Lakini mbele za Mungu hesabu ingekuwa bado haijafungwa.

Mtu atasema mwenye ploti ana pesa. Sawa. Lakini bili ikipanda, atapandisha rent ya vyumba vyote, na mama anayeuza sukuma kule mwisho atachangia sarafu asizozijua. Tena waya za ploti zetu hapa Gatina zinabeba mzigo tayari. Kwa nyumba za mabati, moto hauulizi ulianzia chumba cha nani. Na yule aliyevuta stima ya sambaza, asijidanganye kwamba yake ni ya bure.

Sisemi msiguse teknolojia. Kuna kampuni hapa Kenya, Gridless, ambayo huweka mashine zake karibu na mitambo midogo ya umeme mashambani na kununua umeme ambao haujapata mtumiaji. Kuchimba ni kulekule, ila hapo anayefaidi ndiye analipa.

Tusimwangalie kijana huyu peke yake. Mwenye kibanda anayemcheleweshea msaidizi wake mshahara, faida yake inalipwa na nani? Na sisi kanisa, tukielekeza spika kwa majirani usiku wa kesha, baraka zetu zinalipwa na usingizi wa nani? Mimi mwenyewe sina jibu la kujivunia hapo.

Mithali inatufundisha kwamba mali ya haraka hupungua, bali akusanyaye kidogo kidogo huongezewa. Mchezo huu una haraka nyingi, na bei ya sarafu hupanda na kushuka usiku mmoja. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa pesa isiyo ya chakula wala ya chama, kwa mita yako, kwa tokeni zako. Hesabu ikikataa, iache ikatae.

Kijana hajanunua bado. Jumapili alinipigia akasema ameuliza mwenye ploti kuhusu mita yake mwenyewe. Nikamshukuru Mungu. Sijui kama atapata faida, lakini mstari uliokosekana sasa umeandikwa.

Swali la wiki: Katika mpango wako wa sasa, ni gharama gani umeiacha nje ya daftari, na ni nani anailipa?

Mungu awabariki.